Marekani ya Makufuli Matatu

Mwanangu wa mwisho ni mwalimu wa sekondari hapa Mpanda. Anafundisha historia, na mwaka ule walimpa awafundishe watoto wakubwa jinsi serikali ya Marekani ilivyojengwa. Sasa yeye ana tabia moja tangu aanze kazi: somo lolote lazima alifundishe nyumbani kwanza, ndipo alipeleke darasani. Darasa lake la nyumbani lilikuwa mimi na wifi yangu. Mimi sikukanyaga shule kabisa. Wifi yangu alikanyaga kidogo, baba yake akamtoa akaamie ndege, awafukuze kwenye mpunga, kule kwetu upande wa Kibaoni. Kwa hiyo mwalimu alikuwa na wanafunzi wawili vikongwe, mmoja anachambua maharage, mwingine miguu imevimba, amejilaza barazani anasubiri upepo.

"Haya, tulieni," anasema, anasafisha koo kama mkuu wa shule. Sauti yake ya kufundishia siyo ile anayoombea chumvi. Inapanda juu mwisho wa kila neno, kama mtu anapanda ngazi. "Leo tunaanza na katibaa. Wale waasisi walikutana wakati wa kiangazii. Joto kali. Wakafunga madirisha ili watu wa nje wasisikie wanachobishania."

"Walifunga madirisha kwenye joto?" wifi akauliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Wote wanaume?"

"Wote wanaume."

"Basi humo ndani palinuka," wifi akasema, akageukia ukutani.

Mwalimu akajikaza asicheke. Akatusomea maneno ya mwanzo ya hiyo karatasi yao, kwamba inaanza kwa kusema "Sisi wananchi." Mimi nikamwambia kwamba mtu akijifungia chumbani na wenzake halafu akaandika "sisi", angalau atoke nje kwanza aone kama sisi tupo. Akaniambia, "Mama, hilo ndilo swali la mtihani." Nikamwambia basi anipe maksi zangu nikanunulie mafuta ya taa.

Mambo yenyewe alivyoyaeleza, mimi niliyashika hivi. Wale watu walikuwa wametoka kugombana na mfalme. Walikuwa wamemchoka. Wakaapa hawataki tena mtu mmoja ashike kila kitu. Wakakata madaraka mapande matatu. Huku kuna rais, yeye anatekeleza. Huku kuna bunge, lenyewe linatunga sheria na ndilo linaloshika mfuko. Huku kuna mahakama, yenyewe inasema hiki kimekwenda sawa na katiba, hiki hakikwenda. Na kila mmoja amemshika mwenzake shati. Bunge likipitisha jambo, rais anaweza kulikataa, wanaita kura ya turufu. Rais akikataa, bunge linaweza kumpita, lakini mpaka theluthi mbili wakubaliane. Majaji rais ndiye anayewataja, ila Seneti isipowakubali hawakai. Wakishakaa, hawatoki mpaka wachoke wenyewe au wafe.

"Mpaka wafe?" nikamuuliza.

"Ili wasimwogope mtu, mama. Rais hawezi kuwafukuza."

"Na wakizeeka wakaanza kusinzia?"

"Wanasinzia hapo hapo."

Na bunge lenyewe nalo ni nyumba mbili. Moja wanahesabu watu, jimbo lenye watu wengi linapata viti vingi. Nyingine, hiyo Seneti, kila jimbo linapata viti viwili, hata kama jimbo lenyewe ni ng'ombe watupu na watu wachache. Walibishana sana hapo, wakubwa wanataka wahesabiwe vichwa, wadogo wanasema mtatumeza. Ndipo wakaamua wawe na nyumba zote mbili, kila mtu anune nusu.

Wifi akauliza, "Kwenye kuhesabu vichwa, na watumwa walihesabiwa? Si walikuwa na watumwa?"

 Ile ngazi ya sauti ya mwalimu ikashuka. "Walihesabiwa, shangazi. Kila watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu. Lakini wao wenyewe kura hawakuwa nayo."

"Kwa hiyo bwana anapata viti bungeni kwa vichwa vya watu aliowafunga."

"Ndiyo."

Wifi akaangalia miguu yake ile iliyovimba. Hakuolewa, hakuzaa. Alikaa kwa kaka yake, yaani mume wangu, na mume wangu alipofariki akabaki na mimi, tukahamia huku mjini kwa mwalimu pamoja. "Na mimi hapa mtaani," akasema, "nahesabiwa vipande vingapi?"

Hakuwa anatania. Kwenye kikundi chetu cha kuzikana tunahesabu kaya. Kaya moja, mjumbe mmoja. Yeye alihesabiwa ndani ya kaya yangu, kama kabati. Lakini hakuna msiba mtaani ambao hakupika. Masufuria yale makubwa ya kikundi yeye ndiye aliyajua, lipi linaungua chini, lipi linataka kuni za miombo. Nyie hamjui kazi ya kupikia watu waliofiwa. Wanalia na bado wanakula kuliko watu wa harusi.

Siku moja nikiwa namsugua miguu, akaniambia, "Wifi, mimi maisha yangu yote nimekaa juani. Mpunga juani, mahindi juani, kuamia ndege juani. Siku yangu mnitandazie lile turubai la kikundi. Nisizikwe juani."

Nikamwambia, "Wewe ukifa jua lenyewe litaomba likizo." Akacheka. Lakini akanishika mkono. "Niahidi." Nikamuahidi. Hicho ndicho nilichokuwa natakiwa kufanya, hicho tu. Kivuli.

Sasa hilo turubai, na masufuria, na sahani, na viti vya plastiki, miaka yote vilikaa nyumbani kwa mwenyekiti wa kikundi. Mzee yule ni mstaafu wa reli, mrefu, anaongea kama tangazo la treni linalochelewa. Hawezi kusema jambo bila "kimsingi". "Kimsingi, ndugu wajumbe. Kimsingi vitu viko salama. Kimsingi, msiwe na wasiwasi." Na kimsingi, ukienda kwake utakuta wageni wake wamekalia viti vya msiba, wanakula kwenye sahani za msiba. Ikatokea siku msiba uko huku, turubai liko kwenye sherehe ya jamaa yake kule. Watu wakakasirika. Ukaitwa mkutano.

Mwalimu wangu alikuwepo. Na kichwa chake kilikuwa kimejaa Marekani. Akasimama. "Ndugu zangu, tatizo letu siyo mwenyekitii. Tatizo ni kwamba mtu mmoja anashika kila kituu."

Nikajua tayari tumepelekwa Marekani.

Akawaeleza yote. Mfalme, mapande matatu, kushikana mashati. Watu walipenda. Ungewaona! Mama mmoja anayeuza mchele pale soko la Kashaulili, mdomo wake unakwenda kama mashine ya kukoboa, akaruka: "Sikilizeni niwaambie, sikilizeni niwaambie! Stoo ijengwe kwenye kiwanja cha jumuiya, mlango uwe na makufuli matatu! Mwenyekiti ufunguo wake, wajumbe ufunguo wetu, na hao majaji ufunguo wao! Tuone atatoa turubai kwa mlango gani!" Makofi.

Sisi ni watu wa kufuli. Kile kisanduku cha akiba cha vikundi vya akina mama hapa kwetu kila mtu anakijua, hakifunguki mpaka washika funguo wote waje. Kwa hiyo Marekani ya makufuli iliingia vichwani haraka kuliko ile ya vitabuni.

Ikaja habari ya nyumba mbili za bunge. Upande wa juu tuko wengi, tumebanana. Upande wa chini, kule bondeni, ni kaya chache za Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao, wana viwanja vikubwa na watu wengi ndani. Mzee wao mmoja, mtaratibu, maneno yake yanatoka moja moja kama ng'ombe wanaotoka zizini. Akasema, "Sasa... mkihesabu kaya... sisi mmetumeza bhana."

Mama wa mchele akamjibu, "Sikiliza nikwambie, baba, sasa tuwahesabu nini, ng'ombe?"

"Tuhesabuni... watu. Mimi kwangu... kuna watu."

"Wachungaji wako? Hao wanaolala porini? Wanachanga kwenye msiba hao? Wanapiga kura hao?"

"Hawapigi. Lakini... wahesabuni."

Nilimtazama mwalimu, naye akanitazama. Mzee wa watu hakuwa na ubaya. Wakaamua kama wale wa madirisha yaliyofungwa: wajumbe watakwenda kwa kaya, halafu kuwe na baraza dogo la pili, upande wa juu watu wawili na upande wa chini watu wawili. Mzee wa ng'ombe akapata kiti chake. Jambo kubwa lazima lipite kote.

Wakaja kwenye majaji. Wakamchagua katekista, wakamchagua na mimi.

"Mimi sijui kusoma," nikawaambia.

"Kimsingi," mwenyekiti akasema, "ndiyo sababu. Mama hawezi kubadilisha maandishi." Watu wakacheka mpaka wakajipiga mapaja. Ndivyo nilivyokuwa jaji mpaka nife. Ufunguo wa wajumbe akapewa mama wa mchele, wa mahakama nikakabidhiwa mimi, nikaufunga kwenye pindo la kanga. Na mwalimu akaandika kifungu kimoja alichokipenda sana, maana alijua mwenyekiti ana marafiki: ufunguo hautembei bila mwenyewe. Huwezi kumpa mwanao, huwezi kumpa jirani. Mwenye ufunguo aje kwa miguu yake.

Katiba ikapita. Tukapiga makofi, tukaimba, tukanywa togwa.

Ujaji ni kazi ya kuchosha. Watu walikuwa wanakuja barazani kwangu toka asubuhi. Huyu anasema mwenzake amerudisha sahani zikiwa na mafuta. Huyu anasema jina lake limetajwa la mwisho kwenye matangazo. Nikawa nasikiliza, wakiondoka nawaigiza kwa wifi. Alikuwa hawezi tena kutoka nje. Namletea bunge zima chumbani. Namfanyia mwenyekiti, "Kimsingi, mama jaji," namfanyia mama wa mchele, namfanyia mzee wa ng'ombe mpaka wifi anasinzia kabla mzee hajamaliza salamu. Alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu. Halafu anasema, "Nifanyie na katekista." Katekista namfanya kwa pua.

Kwenye redio tukasikia Marekani yenyewe nayo imefunga serikali. Kweli! Mwalimu alitueleza: bunge na rais wao hawakukubaliana juu ya matumizi, basi ofisi zikafungwa, wafanyakazi wengine nyumbani, wengine wanaambiwa njooni mfanye kazi mshahara mtaona mbele.

"Serikali inafungwaje?" wifi akauliza. "Si nchi kubwa?"

"Ndivyo walivyoitengeneza, shangazi. Asipokubali mmoja, gari halitembei. Waliogopa gari linalokimbia."

"Na wagonjwa?"

"Vingine vinaendelea. Vingine vinasubiri."

Wifi akafumba macho. "Mimi sisubiri mtu," akasema.

Haikupita muda na sisi tukafunga. Ilikuwa hivi. Baada ya msiba mmoja, turubai lilikuwa limelowa. Mwenyekiti akasema, kimsingi, lisirudi stoo likiwa bichi, akalianike kwake. Likaanikwa. Likakauka. Likaendelea kukauka mpaka siku ya kipaimara cha mjukuu wake, likakaukia juu ya vichwa vya wageni. Liliporudi stoo lilikuwa na mpasuko katikati, mrefu. Mama wa mchele akawaka. Wajumbe wakakaa, wakapitisha: stoo haifunguliwi kwa shughuli yoyote mpaka mwenyekiti aombe radhi mbele ya watu na ashone turubai. Mwenyekiti akasema kimsingi anakataa azimio hilo, turufu yake hiyo hapo. Ili wampite walitaka theluthi mbili kote kote, na kwenye baraza dogo mzee wa ng'ombe na mwenzake wakakunja mikono. Bado walikuwa na kinyongo cha kuulizwa kama wahesabiwe ng'ombe. Kwa hiyo mwenyekiti hapitwi, wajumbe hawatoi ufunguo wao, na stoo iko kimya na vitu ndani.

Wakaja kwangu, niamue. Katekista alikuwa amesafiri kwenda Ugalla kwenye mizinga yake ya nyuki. Nikawaambia wasubiri arudi. Nilikuwa nimechoka, wifi alikuwa hali tena, namtilia uji kwa kijiko unarudi.

Akafa Jumatano, alfajiri, kiganja chake mgongoni mwangu. Nilidhani ananikanda.

Kwetu mfiwa anakaa mkekani. Wanakutandikia chumbani, unakaa na wanawake wengine, hunyanyuki kwenda huku na huku mpaka mtu wako azikwe. Kama ni haja, wanakusindikiza. Ukitembea tembea wanasema marehemu anatembea nyuma yako hajui alale wapi. Nimewakalisha wengi mkekani mimi, nikiwakemea. Sasa nikakalishwa mimi.

Mazishi yalikuwa kesho yake mchana. Kaburi lilichimbwa makaburi mapya, kule walikokata miti yote, hakuna hata kichaka cha kumfichia mbuzi. Na ilikuwa ule mwezi wa jua la kungojea mvua, mnalijua.

Asubuhi mwalimu akaingia chumbani, macho mekundu, akachuchumaa mbele yangu. Hakuwa na sauti ya darasani.

"Mama, wako stoo. Mwenyekiti yupo, mama wa mchele yupo. Hakuna anayetaka kuanza."

"Kuanza nini?"

"Kufungua. Kila mmoja anasema akiweka ufunguo wa kwanza atakuwa amekubali kosa. Nipe wa kwako nikawaoneshe."

"Umeandika mwenyewe. Ufunguo hautembei bila mwenyewe."

Akafunika uso. "Tubadilishe hicho kifungu," akasema, kama mtoto.

"Wewe si ulitufundisha? Theluthi mbili za huku, theluthi mbili za huku, halafu robo tatu za sijui nani."

"Shangazi hawezi kungoja robo tatu, mama."

Kijana mmoja akasema dirishani, tuvunje tu makufuli, nyundo ipo. Mwalimu akanyanyua kichwa. Nilimwona anavyotaka kusema ndiyo. Halafu akasema, "Tukivunja leo kwa ajili ya shangazi yangu, kesho mwenyekiti atavunja kwa ajili ya mjukuu wake." Akaanza kulia kabisa. Alikuwa analilia shangazi yake na karatasi yake kwa pamoja, na mimi sikujua nimbembeleze kwa lipi.

Nikanyanyuka.

"We! Mfiwa haondoki mkekani!" Wakanishika kanga huku na huku. "Bibi, unatutia aibu! Bibi, kaa!"

"Mimi ni jaji," nikawaambia. "Niacheni nikakojoe mahakamani." Wengine wakacheka, wengine wakaziba mdomo, mimi nikapita katikati yao. Miguu ilikuwa mizito kama ya wifi.

Pale stoo walikuwa wamesimama, mwenyekiti upande huu na ufunguo wake, mama wa mchele upande huu na wake, watu wamejaa nyuma, na mzee wa ng'ombe amekaa juu ya jiwe. Waliponiona wakanipisha. Mfiwa ametoka.

Mwenyekiti akaanza, "Kimsingi, mama, pole sana. Lakini kimsingi, jaji hasikilizi kesi ya nduguye. Ndivyo hata huko Marekani, mwalimu atuambie."

Na mwalimu, maskini, akasema kwa sauti ndogo, "Ni kweli. Anajitoa."

 Nikafungua kufuli langu, nikaliacha linaning'inia wazi kwenye komeo. Sikuamua kesi. Nilifungua tu. Nikasimama, nikangoja. Jua lilikuwa limeshaanza kuuma shingo. Hakuna aliyesogea.

Ndipo nikafanya nilichozoea kufanya. Nikarefusha shingo, nikaweka mikono nyuma, nikasema kwa sauti ya mwenyekiti, "Kimsingi, ndugu wajumbe, kimsingi turubai nililichana mimi. Kimsingi nisameheni." Halafu nikageuka, nikaupigisha mdomo kama mashine ya kukoboa, kwa sauti ya mama wa mchele: "Sikiliza nikwambie, sikiliza nikwambie, baba, yaishe, tumesamehe, maiti iko ndani!" Nilidhani nikiwasemea, itakuwa rahisi kwao kurudia. Yale maneno yalikuwa tayari yametoka, walitakiwa kuyaokota tu.

Watu wakaangua kicheko. Msibani! Mzee wa ng'ombe alicheka mpaka akashuka kwenye jiwe. Hata mama wa mchele alitabasamu, akasogea na ufunguo wake.

Mwenyekiti hakucheka. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyevuliwa shati stesheni. Alinitazama mimi, akawatazama wale wanaocheka, akautia ufunguo mfukoni, akaondoka. Hakukimbia, alitembea kwa hatua zake zile ndefu, na hakuna aliyethubutu kumwita. Kicheko kikafa chenyewe.

Mama wa mchele akafungua la kwake hata hivyo. Likabaki moja.

Nikarudi mkekani. Hakuna aliyenisemesha. Nilikaa pale nikawa namuwaza yule mzee, mtu mzima, mrefu vile, nimemfanya kichekesho cha watu mbele ya stoo. Ningemfanyia hivyo chumbani, wifi angecheka mabega. Pale nje ilikuwa kitu kingine.

Tukaenda makaburini bila turubai. Jeneza likawekwa kando ya shimo, katekista, aliyewahi kurudi kutoka Ugalla, akafungua kitabu, na jua liko katikati ya kichwa. Mimi nikatazama lile jeneza linavyong'aa kwa vanishi, ukiligusa linaunguza. Nikasema moyoni, wifi, nimeshindwa.

Mama wa mchele akavua kanga yake ya juu. Akashika pindo mbili, akatazama nyuma. Mke wa yule mzee wa ng'ombe akaja akashika pindo mbili nyingine. Wakainyanyua juu ya jeneza. Mwingine akavua yake, akaiunga pembeni, mwingine pembeni ya hiyo. Wanawake wa juu na wa bondeni, mikono juu ya vichwa, wamezunguka shimo, kanga zimegusana. Hakuna aliyepiga kura. Katekista akasali ndani ya kivuli chekundu na cha bluu, na nilivyomjua, alirefusha. Mikono ikaanza kutetemeka. Mmoja akichoka anasema "nipokee", mwingine anaingia. Mimi mfiwa walinikataza kushika. Nilisimama tu, natazama makwapa ya jirani zangu yanavyotiririka.

Mwenyekiti alikuja. Alisimama mbali, peke yake, kofia mkononi, juani. Alitia udongo wake kwa zamu, akanipita bila kusema kitu. 

Walishikilia mpaka udongo ulipofika juu, wakashusha kanga zao, wakajifunga, tukaenda nyumbani kula chakula kilichopikwa kwenye sufuria ndogo ndogo za majirani. Wali ulikuwa mbichi huku, umeungua kule. Wifi angewatukana.

Jioni watu walipopungua, mwalimu akaja akakaa na mimi pale chini. Akasema Marekani wameshafungua, amesikia redioni, wamekubaliana kidogo. Nikamuuliza wale wafanyakazi walioitwa kazini bila mshahara, wakati wakubwa wananuniana, waliendelea kuja?

"Wengi waliendelea."

"Wanazungumzwa kwenye hiyo katiba?"

Akafikiri. "Hapana. Siyo kwa namna hiyo."

Akaniuliza kama aandike upya ya kwetu, na kama nitakubali kwenda na yeye kwa mwenyekiti kesho, kuomba radhi kwanza kabla ya kuongea habari ya ufunguo. Nikamwambia nitakwenda, kwa sauti yangu mwenyewe. Nikamwambia aandike anachotaka, akinisomea nitasikiliza. Ila siyo leo. Nilijinyoosha pale mkekani, akanivuta miguu akaiweka mapajani mwake, akaanza kuisugua, na sikumzuia.